Kwanza Mpimeni Mwalimu



Aliyenialika kuzungumza nanyi, wazazi wenzangu, aliniomba nitaje mtaala mmoja ulio bora wa kusomeshea watoto nyumbani, ili mwenye kalamu aandike jina, aende akanunue. Sitautaja. Mitaala mizuri ipo, na kadhaa nitaieleza kwa majina yake. Lakini swali la upi ni bora limewapotezea wazazi wengi pesa, kwa kuwa linamtazama mtoto, linakitazama kitabu, halafu linamsahau mwalimu. Na mwalimu mwenyewe, katika nyumba nyingi za wasemaji wa Kiswahili hapa Texas, ni mama anayerudi saa moja asubuhi kutoka zamu ya usiku ya kuhudumia wazee, au baba ambaye lori limemweka njiani siku nne. Alisoma kwa Kiswahili kule Tabora, au kwa Kifaransa kule Uvira, na kitabu anachopewa akifundishe kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mama mwingine kabisa.

Kwa hiyo leo nawaomba mgeuze mpango. Kabla ya kumpima mtoto, mpimeni atakayemfundisha. Ana saa ngapi kwa siku akiwa macho na akili imetulia? Anafikiri kwa lugha gani? Anajua nini kiasi cha kukifundisha bila kushika kitabu? Mtaala utakaoingia katika majibu hayo, au unaoweza kupunguzwa hadi uingie, ndio wenu. Mwingine, hata ukisifiwa na kila mtu kanisani au msikitini, mwachieni mwenye nao.

Sheria nitaipitia upesi, maana hapa ni fupi. Kusomesha nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50 ya Marekani, ila kila jimbo lina masharti yake. Texas, familia zinazosomesha nyumbani zilifungua kesi mwaka 1985, zikashinda mwaka 1987, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 1994. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la Leeper. Tokea hapo nyumba inayosomesha kwa dhati huhesabiwa kuwa shule ya binafsi. Inatakiwa iwe na mtaala unaoonekana kwa macho, yaani vitabu, vitabu vya mazoezi au masomo ya kwenye kompyuta, na ifundishe mambo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Hakuna kujiandikisha, hakuna mtihani wa serikali, hakuna idadi ya saa. Mtagundua kwamba sayansi haimo katika yale matano. Tafadhalini, msiiache kwa sababu hiyo.

Mtoto aliye tayari katika shule ya serikali lazima aondolewe kwa maandishi kabla hajaacha kwenda, la sivyo ataandikwa mtoro na barua zitaanza kuja. Na mnaofikiria kuhamia kwingine mfahamu mapema kwamba uhuru huu hausafiri nanyi. New York watadai taarifa ya kila mwaka, mpango wa masomo, ripoti nne kwa mwaka, na saa 900 za masomo hadi darasa la 6, kisha 990 kuanzia la 7. Pennsylvania watadai jalada la kazi za mtoto na mtu mwenye sifa wa kulikagua. Mwenye mpango wa kuhamia huko achague mtaala unaoacha karatasi nyuma yake.

Tuje sasa kwenye kifurushi, kwa sababu ndicho kinachowavuta wengi. Kuuza shule nzima ndani ya sanduku si jambo jipya. Calvert, shule ya Baltimore, ilianza mwaka 1906 kutuma masomo yake kwa familia zilizo mbali na shule, na kwa miaka mingi masanduku yake yalivuka bahari kuwafuata wamisionari na maofisa wa Kimarekani. Sanduku linafunguliwa, ndani mna vitabu, madaftari, na mwongozo unaomwambia mama aseme nini siku ya kwanza na siku ya mia. Mpango ule ulikuwa na akili yake, ila ulichukulia kwamba yuko mtu mzima nyumbani mchana kutwa, anayesoma Kiingereza bila taabu, asiye na kazi nyingine ya kumchosha kuliko hiyo.

Chukueni nyumba yenye watoto watatu, wa miaka 5, 8 na 11. Kila mmoja amenunuliwa kifurushi cha darasa lake chenye masomo sita. Sita mara tatu ni vipindi 18 kwa siku. Kila kipindi kikila nusu saa, mwalimu anahitaji saa tisa, bila kupika, bila kulala, bila kumpeleka mdogo kliniki. Hapo ndipo vifurushi vingi hufa, kwa kawaida kabla ya sikukuu ya Novemba, na mama akabaki anaamini kwamba yeye ndiye aliyeshindwa. Hakushindwa. Hesabu ndiyo iliyokuwa haiwezekani tangu mwanzo.

Hesabu hiyo inarekebishika. Hisabati na lugha ndiyo masomo yanayomtaka kila mtoto awe kwenye ngazi yake. Hayo yabaki ya mtu mmoja mmoja. Historia, sayansi, dini na sanaa hayana haja ya kugawanywa kwa umri. Wote watatu wanakaa mkekani, kitabu kimoja kinasomwa kwa sauti, kisha wa miaka 5 anachora alichosikia, wa 8 anaandika mistari mitatu, wa 11 anaandika ukurasa. Masomo hayo ya pamoja yapishane, mawili tu kwa siku. Vipindi 18 vimekuwa vinane, na kwa kuwa vipindi vya mdogo ni vya robo saa, kazi yote inakaribia saa tatu na nusu. Saa tatu na nusu mama wa zamu ya usiku anaweza kuzipata baada ya kulala, kuanzia saa tisa alasiri. Hakuna sheria ya Texas inayosema shule ifunguliwe asubuhi.

Mliokulia pwani mnaijua shule ya namna hii kuliko Wamarekani waliotuuzia vifurushi. Chuoni kwa mwalimu wa Qur'ani, watoto wa miaka 6 na wa 12 walikaa sebule moja. Kila mmoja alikuwa mahali pake katika juzuu, mkubwa akimsikiliza mdogo, mwalimu akimwita mmoja mmoja amsomee alichohifadhi. Hakuna aliyeulizwa yuko darasa la ngapi. Aliyefahamu alisonga, asiyefahamu alirudia bila aibu kubwa. Fimbo ya mle siiombei irudi, lakini mpangilio ule wa mwalimu mmoja, umri mchanganyiko na mwendo wa kila mtu, ndio ambao vitabu vya kusomesha nyumbani hutumia kurasa nyingi kuueleza kana kwamba umevumbuliwa juzi.

Katika njia zote zinazouzwa, inayowafaa zaidi watu wetu, kwa maoni yangu, ni ya Charlotte Mason. Alikuwa mwalimu Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1842 na kufariki mwaka 1923. Akiwa Ambleside, kaskazini ya Uingereza, alifundisha wasichana waliokwenda kusomesha watoto majumbani. Alitaka masomo yawe mafupi, dakika kumi hadi ishirini kwa wadogo. Alitaka mtoto asome vitabu vilivyoandikwa na mtu anayelipenda jambo lake, si muhtasari mkavu. Na zaidi ya yote alitaka mtoto asimulie: asome au asomewe mara moja tu, kitabu kifungwe, kisha aeleze kwa maneno yake kila anachokumbuka.

Kusimulia ndiko ninakotaka tukae kidogo, kwa sababu hakuhitaji kitabu cha mwalimu, wala majibu ya nyuma, wala kompyuta. Kunahitaji sikio. Mama anakata sukumawiki, binti amesimama mlangoni anamweleza habari za mfereji wa Panama. Sasa fanyeni jambo ambalo Bi Mason hakulihitaji. Binti asome kwa Kiingereza, asimulie kwa Kiswahili. Akisimulia kwa lugha ileile aliyosomea, anaweza kukariri maneno ya kitabu na wewe usijue kama ameelewa. Akihamisha jambo kutoka lugha moja kwenda nyingine hana pa kujificha. Asichokielewa atakwama nacho palepale, na wewe utasikia alipokwama. Kesho yake aandike masimulizi hayohayo kwa Kiingereza, maana Kiingereza cha kuandika atakihitaji chuo kikuu na kazini. Kwa mpango huo mzazi ambaye Kiingereza chake ni cha kubabaisha anakuwa mwalimu kamili wa historia na sayansi, na Kiswahili kinaacha kuwa lugha ya kuagizwa maji na kugombezwa. Wazazi wanaotenga nusu saa ya Kiswahili siku ya Jumamosi nawapongeza kwa nia, lakini lugha hukua pale inapopewa mzigo wa kubeba.

Hii inagusa pia kusoma kwa mara ya kwanza. Maandishi ya Kiswahili yanamfuata msemaji: mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake, baada ya miezi michache anasoma chochote, hata asichokielewa. Kiingereza kinamtesa miaka mitatu kwa herufi zisizotamkwa na sauti moja yenye tahajia tano. Mtoto wa miaka 5 au 6 aliyekulia nyumba ya Kiswahili aanze kusoma kwa Kiswahili. Siri ya kusoma, kwamba alama hizi ni sauti, ataifumbua haraka na kwa raha, na ataihamishia kwenye Kiingereza. Mtakapofika huko nunueni kitabu cha kufundisha sauti kwa mpangilio, mkifuate hadi mwisho. Hapo pasiwe na ubunifu. Vitabu vya kusoma vya Kiswahili vya shule ya msingi vinapatikana bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Baadhi ya picha zitakuwa ngeni kwa mtoto wa Dallas, lakini nyanya atamweleza.

Hisabati ni habari nyingine. Katika historia unaweza kuruka sura na dunia isiharibike. Katika hesabu, aliyeruka sehemu za nambari atalipa atakapofika aljebra. Kwa hiyo hapa fuateni mpango wa kitabu, na uhuru wenu uwe katika mahali pa kuanzia, mwendo, na idadi ya maswali. Wachapishaji wengi hutoa jaribio la kupanga ngazi bila malipo. Litumieni, na matokeo yake myakubali hata kama yanamweka mtoto wa miaka 11 kwenye kitabu cha darasa la 3. Watoto waliosoma kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako shule za Wakongo zilifuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, au Kakuma, ambako walifuata wa Kenya, wana mapengo ambayo si ya akili. Yajazeni kwa utaratibu; mtoto mkubwa huyajaza haraka kuliko mnavyodhani.

Njia mbili za hisabati ninazozijua zinatofautiana sana. Saxon, iliyoandikwa na mwanajeshi mstaafu wa anga, John Saxon, humpa mtoto jambo jipya dogo kila siku, kisha maswali yapata 30 yanayochanganya mapya na ya zamani. Inamfaa mtoto anayesahau, na mzazi asiyejiamini katika hesabu, kwa kuwa kitabu kinajieleza. Inamchosha mwepesi wa kushika. Huyo apewe maswali ya nambari witiri tu, akikosa mawili arudi kwenye shufwa. Njia ya Singapore, iliyoanza huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, humwanzisha mtoto na vitu vya kushika, halafu picha, halafu tarakimu. Ni nzuri mno, ila inamtaka mwalimu akae naye. Maharage ya jikoni yanatosha kuwa vifaa. Na mtoto anayehesabu kumi na moja, kumi na mbili, anasikia kumi lile na moja ile ndani ya jina lenyewe, basi hatua hiyo mfanyie kwa Kiswahili.

Wakongo, msishangae mtoto akilia mnapomwonyesha kugawanya. Mlifundishwa kumweka mgawanyaji kulia. Kitabu cha hapa kinamweka kushoto. Mlifundishwa kutenga desimali kwa mkato. Hapa wanatumia nukta. Baba asiache njia yake, wala asimlazimishe nayo mtoto. Fanyeni zote mbili kwenye karatasi moja, mtoto aone jibu ni lilelile, kisha aendelee na ya kitabu.

Iko pia Accelerated Christian Education, iliyoanzishwa hapahapa Texas mwaka 1970, ambayo baadhi yenu mliikuta katika shule za Kikristo za Nairobi. Kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka, mtoto anajisomea, anajaza nafasi zilizoachwa wazi, anajisahihishia kwa ufunguo, anakwenda kwenye mtihani. Kwa mzazi asiye na muda inaonekana ni neema, na kwa kujenga nidhamu ya kazi sina ugomvi nayo. Lakini mtoto anaweza kumaliza mwaka akijaza nafasi bila kuandika insha moja ndefu wala kubishana na mtu. Mkiichagua, ongezeni kusimulia kila siku na barua moja kwa wiki kwa babu. Wanaofuata njia ya kale, iliyofufuliwa na hotuba ya mwandishi Dorothy Sayers kule Oxford mwaka 1947, wana mengi ya kukariri miaka ya mwanzo, na watoto wa kwetu hukariri vizuri. Na wale wanaomfuata John Holt, wakisema mtoto aachwe afuate udadisi wake, nawaheshimu. Lakini njia hiyo inataka nyumba iliyojaa vitabu na watu wazima wenye nafasi, na sisi bado hatujafika huko.

Mtaala wa kununua ni kama koti la mtumba: kitambaa ni kizuri, ila mabega yalipimwa kwa mtu mwingine, na hakuna aibu kulipeleka kwa fundi. Palipo na uhaba mkubwa wa kitambaa ni historia. Vitabu vingi vya hapa huizungusha historia ya dunia katika miaka minne, kale, zama za kati, zama mpya, hadi leo. Afrika hutokea kwa Mafarao, hupotea, kisha huibuka ikiwa ndani ya merikebu ya watumwa. Msikitupe kitabu kwa hilo, kijazeni. Mwaka wa zama za kati, Ibn Battuta anafika Kilwa mwaka 1331. Muda anaosomwa mfalme wa Uingereza usomwe pia msikiti wa matumbawe na sarafu za masultani wa Kilwa. Vasco da Gama akitajwa, someni Malindi ya 1498, kisha Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Mkifika karne ya 19, nendeni Galveston, ambako tarehe 19 Juni 1865 ilitangazwa kwamba watumwa wa Texas wako huru, na wiki hiyohiyo someni kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Miaka minane tu imetenganisha miji hiyo miwili. Muulizeni mtoto nani alifaidika Galveston na nani alifaidika Zanzibar, na msimpe jibu jepesi, kwa sababu kwa upande wa Zanzibar jibu linagusa majina ya watu wetu wenyewe.

Kazi za maumbile ni rahisi zaidi. Bi Mason aliandika akiwa na vichaka vya Uingereza mbele yake; ninyi mna mesquite, mna vipepeo wa monaki wanaopita Texas kila Oktoba kwenda Mexico. Daftari, penseli, dakika ishirini nje. Kuhusu dini, mitaala mingi ya Marekani imeandikwa na Wakristo, na dini imo hadi kwenye kitabu cha sayansi. Mwislamu anunue hisabati na sarufi popote, ila sayansi na historia azikague kwanza. Mkristo naye akague, maana kuwa na msalaba kwenye jalada hakumaanishi kwamba kanisa lake linakubaliana na kilichomo.

Februari itafika, mtoto atachukia kitabu. Msibadili mtaala kwa machozi ya wiki moja. Tazameni kwanza kama somo ni refu mno, kama ngazi imemzidi, kama saa mliyochagua ni ile anayoishiwa nguvu. Fupisheni, rudini nyuma sura mbili, hamisheni saa. Baada ya mwezi, kama hali ni ileile, na mwalimu naye anaogopa kukifungua kitabu, basi kiuzeni.

Kuanzia darasa la 9 andikeni kila kitu: somo, kitabu, alama. Texas haidai, lakini chuo kikuu kitadai orodha ya masomo, na mzazi ndiye atakayeiandika na kuisaini. Sheria ya jimbo inavikataza vyuo vikuu vya umma kumbagua mwombaji aliyesomea nyumbani. Haivikatazi kumuuliza alisoma nini. Mwenye mpango wa kurudi nyumbani na afikirie mapema zaidi. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Tanzania, mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na aliyesomea nje ya shule anaweza kupitia Mtihani wa Maarifa wa NECTA kisha akafanya Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani ya Cambridge ya IGCSE inaweza kufanywa na mtahiniwa binafsi katika kituo kilichoidhinishwa, na inafahamika Dar es Salaam na Nairobi pia. Kwa anayeishi miguu pande mbili, hiyo ndiyo ningeichagua.

Ombi langu ni la vitabu. Nyumba nyingi humu zina vitabu vilivyomalizwa, na jirani anakwenda kununua vilevile vipya. Tukikutana tena vileteni, vya hisabati kabla ya vyote, na mwongozo wa mwalimu na ufunguo wa majibu visibaki kabatini.